Satelaiti Nane za Jenista

Kila asubuhi Jenista alifagia uwanja, akaosha vyombo, kisha akakaa kibarazani peke yake. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Mama yake alimleta Tunduma kwa Mjomba Osea, fundi wa redio ya mji, ili asome, naye akarudi Igamba kwenye kahawa. Sasa shule zilikuwa zimefungwa, na mjomba alishinda kazini. Mama hakuwa na simu. Kila Jumamosi mjomba alimsomea salamu za Jenista redioni, basi.

Wiki hiyo redio ilikuwa kimya. Mtambo ulikuwa umetoka kidogo kwenye masafa yake, ukaingiliana na redio ya Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ikabidi uzimwe. Mkaguzi angekuja Jumamosi asubuhi. Akikuta kosa bado lipo, redio ingefungwa kabisa.

Alhamisi, kabla ya kuondoka, mjomba aliweka kisanduku kibarazani na antena yake ndogo juu ya tofali uani.

"Hiki kinapima masafa," alisema. "Kina saa ndani, lakini nayo huteleza. Satelaiti za angani huirekebisha. Kikiona anga mchana na usiku mzima, kesho nitakitumia kurekebisha mtambo. Kila saa andika kinaona satelaiti ngapi."

"Sawa, mjomba."

Mjomba alipokwisha kwenda, Jenista akisoma namba kwa sauti, Nesta, msichana wa nyumba ya pili, alichungulia. "We Jenista, unaongea na kisanduku? Kimekujibu?" Akacheka, akaenda zake.

Saa nane mchana matone yalianza. Kwao Igamba, tone likidondoka kahawa imeanikwa, mtoto hasubiri kuagizwa, hukimbia kufunika. Jenista akaifunika antena kwa beseni la bati. Mvua ikamlaza usingizi mpaka saa kumi na mbili. Alipoamka, kisanduku kilisoma sifuri; bati lilikuwa limeizibia antena anga. Akaliondoa beseni haraka, na kwenye daftari, kwa saa nne zote alizolala, akaandika nane, nane, nane, nane.

Mjomba aliporudi alisoma daftari akatabasamu. "Umenisaidia kweli, mama. Alfajiri nakibeba."

Walipokaa kula, Jenista alirudisha tonge la ugali sahanini. Mjomba ndiye mtu pekee aliyekuwa naye Tunduma. Akimkasirikia, atabaki na nani?

"Mjomba, zile nane nimezitunga. Niliifunika antena na beseni, nikalala."

Mjomba aliacha kula. Kisha akanawa, akaenda kukianzisha kisanduku upya.

Ijumaa Jenista hakusinzia. Aliandika saba, tisa, sita, kama alivyoona. Jioni mjomba alikibeba, akarekebisha mtambo.

Jumamosi mkaguzi alipima, akatia sahihi. Mchana redio ilisema: "Mama Jenista wa Igamba, mwanao anakusalimu."

Jioni mjomba alikaa naye kibarazani.

"Kufunika hakukuwa kosa kubwa," alisema. "Hukujua, nami sikukueleza. Lakini saa ikiteleza, satelaiti huirudisha. Mtu akiandika uongo, hakuna kitu angani cha kumrudisha. Lazima aseme mwenyewe. Wewe umesema."