Ni Panzi Tu

Ukumbi wa vifurushi ulikuwa umejaa pomoni asubuhi ile. Foleni zilipinda hadi mlangoni, feni ya dari ilizunguka kwa uvivu, na kila mtu alikuwa amemkasirikia aliye mbele yake. Sindano alisimama katikati ya msongamano huo ndani ya gauni la njano lililopigwa pasi hadi likakakamaa, kitambaa cha buluu kichwani, akisubiri boksi la pini la makumbusho. Nyuma yake alikuwepo mwanamume mrefu mwenye koti la kaki na buti zilizokula vumbi la nchi nzima, amekumbatia chupa ya mdomo mpana kama mtu aliyepakata mtoto mchanga. Mama mmoja alipita kwa kusukuma, kiwiko kikagonga chupa, kifuniko kikafyatuka, na panzi wakatawanyika ukumbini.

Watu walitimka. Mlinzi alipanda juu ya kiti. Sindano alivua kitambaa chake, akapiga magoti pale sakafuni, akawa anawafunika mmoja mmoja na kuwashika kwa vidole viwili, kifuani, maana panzi ukimkamata mguu anakuachia mguu na kwenda zake.

"Huyu si mwenzao," alisema alipokuwa anamrudishia mwenye chupa yule wa mwisho. "Tazama vipapasio vyake, virefu kuliko mwili. Huyu ni ndugu wa senene na nyenje. Hao wengine wana vipapasio vifupi, ndio panzi wenyewe."

"Mimi huwa nawaita wote panzi."

"Basi na mimi nikuite fundi bomba."

Yule mwanamume alicheka. Alisema yeye ni dereva wa kituo cha kudhibiti nzige, huko mbali nyikani. Anaendesha lori la tangi la dawa na kupulizia mwenyewe. Wenzake walimbandika jina la Rubani kwa jinsi anavyokimbiza gari, ingawa ndege hajawahi kupanda. Chupa ile alikuwa anaituma makumbusho wakatambue wadudu walio ndani.

"Umeshafika," Sindano alimwambia. "Makumbusho ndiyo mimi."

Alimpeleka hadi chumba cha wadudu, chini kabisa ya jengo, chumba kisicho na dirisha, kinachonuka naftalini ya kuhifadhia wadudu. Huko ndiko Sindano alikofanya kazi tangu amalize masomo, na huko ndiko alikopata jina lake, kwa sababu ya pini na kwa sababu ya ulimi. Alivuta droo moja baada ya nyingine kumwonyesha mgeni: panzi wembamba kama nyasi kavu, panzi wenye vichwa vilivyochongoka, panzi waliofanana na kokoto hadi ungedhani droo imewekwa mchanga, panzi wa sumu wenye rangi za kujitangaza ili ndege wasijisumbue. Alimweleza kwamba aina zao ni maelfu, na wanaoweza kugeuka kuwa nzige ni wachache sana. Na hao wachache si wadudu wa pekee. Ni panzi kama wengine. Akikaa mwenyewe ana rangi ya majani na haya zake, anakula kidogo na kumkwepa mwenzake. Wakibanana mahali pamoja, wakagusanagusana miguu, ndipo wanapogeuka rangi na tabia. Wataalamu wa zamani walimpa mdudu huyohuyo majina mawili wakidhani ni wawili.

"Na masikio yao yako tumboni," alimalizia.

"Ndiyo maana wakiwa na njaa hawaambiliki," alisema Rubani. Kisha akamuuliza kwa upole kama amewahi kuwaona wakiwa hai, huko waliko.

Sindano alirudisha droo polepole. Alikuwa hajawahi.

Rubani alirudi nyikani, na simu zikaanza. Mwanzo zilikuwa za kazi: picha ya bawa, picha ya goti. Kisha zikawa za kumuuliza amekula nini, na kumwelezea jinsi mvua inavyonuka inapokuja juu ya udongo mkavu. Alimwita "mpenzi wa maiti", kwa ajili ya zile droo, naye Sindano alimwita "muuaji wangu", kwa ajili ya lile tangi. Rubani aliposhuka mjini walikaa kwenye benchi nje ya makumbusho saa ya chakula cha mchana, na kila mara Sindano ndiye aliyenyanyuka wa kwanza, akitazama saa. Alikuwa na nyumba inayomsubiri.

Nyumba hiyo ilikuwa ya mama yake. Mama alipata kiharusi, upande mmoja wa mwili ukalala, na tangu hapo Sindano, kitindamimba wa watu watatu, binti pekee, ndiye aliyemwogesha, kumlisha na kumgeuza kitandani, huku jirani mmoja akija mchana kukaa naye tu. Kaka zake wawili hawakumtelekeza. Ingekuwa afadhali wangemtelekeza, angeweza kuwakasirikia. Kaka Mkubwa, mwenye duka la vitambaa, alipita kila jioni akiwa na matunda, akakaa kwenye kiti kilekile karibu na mlango, akamshukuru. Alimwambia kwamba bila yeye familia ingeparaganyika, kwamba Mungu anamwona, kwamba wote wanamtegemea. Mwalimu mmoja aliwahi kuja kuposa. Kaka Mkubwa alimpokea vizuri, akamnywesha chai, akamweleza kwa sauti laini hali ya mama, na mwalimu hakurudi tena. Hakuna aliyefunga mlango kwa kufuli. Walimfunga kwa shukrani, na fundo la shukrani hujui pa kuanzia kulifungua.

Jioni moja Sindano alikuwa jikoni anamsagia mama uji wake wakati picha zilipoingia. Panzi wa kijani, wachanga, hawajaota mabawa, kutoka bonde la mashamba ya mtama. Rubani alipiga papo hapo. Sauti yake ilikuwa na haraka. Wakulima walikuwa wamemzunguka wanataka kujua kama waogope.

Sindano alikuza picha. Chini ya koo la mdudu, katikati ya miguu ya mbele, aliona kinundu kidogo. Alifahamu ni nani huyu. Alitaka kusema: ni nzige, bado hawajakutana tu, wafuatilieni, wakianza kusongamana pigeni dawa mara moja. Wakati huohuo aliona kivuli mlangoni. Kaka Mkubwa alikuwa amesimama pale, mfuko wa machungwa mkononi, anasikiliza sauti ya mwanamume ikitoka kwenye simu ya dada yake.

"Ni panzi tu," Sindano alisema. "Usipige tena."

Alikata. Kaka Mkubwa aliweka machungwa mezani, akasema mama anamhitaji.

Kesho yake, akiwa makumbusho, alimpigia Rubani mara nyingi kadiri alivyoweza. Hakupatikana, huko nyikani mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Aliandika ujumbe wa kumwomba apige tu, maana aliona aibu kuandika kosa lake, nao ukakaa bila kufika. Kisha usiofika ukafika, na Rubani hakujibu. Sindano alielewa: mtu akiambiwa usipige tena, na kwa sauti ile, hujisikiaje? Alijiambia atamtafuta wiki ijayo. Mama akashikwa na homa ya mapafu, wakalazwa pamoja hospitali, mgonjwa kitandani na binti sakafuni, na wiki ijayo ikapita, na nyingine nayo.

Aliporudi kazini, mkuu wa makumbusho, mama mmoja mkali mwenye miwani ya kuning'inia, alimwekea chupa mezani. Ndani walikuwamo nzige wachanga wa njano na weusi, waliojaa hadi shingoni mwa chupa. Wametoka bonde lile la mtama. Mkuu alisema bonde zima limebaki mabua, na dereva aliyewahakikishia wakulima kwamba hakuna hatari ameondolewa kazi ya nje; sasa anasafisha matangi ghalani, pembezoni mwa mji. Ajabu, alisema mkuu, amegoma kabisa kutaja nani alimpa jibu lile.

Sindano alimtoa mdudu mmoja, akampindua chini ya kioo. Kinundu kilikuwa pale pale. Alivua koti la kazi na kutoka.

Ghala lilikuwa refu, la mabati, joto lake la kukausha mate. Rubani alikuwa anasugua mdomo wa tangi, amekonda, koti la kaki limebadilishwa na ovaroli la kijivu. Alimwona, akaendelea kusugua.

"Kwaheri yako ulishanipa kwenye simu," alisema. "Nini tena?"

"Nilijua ni nzige," Sindano alisema. "Nilikiona kinundu. Kaka yangu alikuwa mlangoni, nikaogopa. Nikasema lililonijia mdomoni."

Rubani aliacha kusugua. Sindano aliona hasira ikipanda usoni mwake, ikatafuta pa kukaa.

"Kwa hiyo si kwamba ulikosea."

"Sikukosea. Niliogopa."

"Wale watu walinitegemea mimi. Mzee mmoja alinishika mkono, akaniuliza mara mbili."

Sindano hakujitetea. Alimweleza kila kitu, kiti karibu na mlango, mwalimu, uji, shukrani, na alieleza akiwa amesimama pale pale kwenye maji machafu yanayotiririka hadi viatu vikalowa. Alipomaliza, Rubani aligeuza ndoo juu chini akamwambia akae. Aliuliza kwa nini hakumwambia hayo yote mapema.

"Nilikuwa napenda jinsi unavyoniona," alisema Sindano. "Mwanamke aliyevua kitambaa mbele ya watu. Sikutaka umjue yule wa nyumbani."

Walikwenda pamoja kwa msimamizi wa kituo, ambaye ofisi yake ya mjini ilikuwa palepale ghalani. Sindano alikubali kosa mbele yake, akasema jina la dereva lisafishwe. Msimamizi alifoka alivyotaka kufoka. Kisha, akiwa amechoka, alisema mvua nyingine ziko njiani, mayai yamejaa ardhini, na hana mtu wa kusimama bondeni na kusema huyu ni yupi kabla hajageuka. Kama makumbusho watamwazima huyu mwanamke kwa msimu mmoja, dereva atarudi naye. Kama sivyo, kila mmoja abaki alipo.

Alipokuwa anamrudisha nyumbani, Rubani alisimamisha lori la ghala kando ya barabara. Alisema amewaza. Ataomba kazi ya mjini moja kwa moja, hata ya ghala, wafunge ndoa, ahamie kwa mama. Mgonjwa atabebwa na mikono minne badala ya miwili.

Lilikuwa neno zuri, na Sindano alilishika kidogo kabla ya kulikataa. Alimwona Rubani kwenye kile chumba cha mbele, mabega yamekunjwa, Kaka Mkubwa akimshukuru.

"Tutakuwa wawili tuliofungiwa," alisema. "Mimi nataka kwenda. Kwa kazi kwanza. Hayo ya ndoa utaniuliza nikiwa nje."

Jioni ile, mkuu wa makumbusho akiwa ameshakubali kumwazima, Sindano alisubiri Kaka Mkubwa akae, akamwambia kwamba anaondoka kwa msimu mmoja na kwamba yeye na kaka yao wa pili wapange nani atakaa na mama. Alitegemea sauti laini. Kaka Mkubwa alijishika kichwa.

"Unadhani ni mimi," alisema. "Mama ndiye aliyeniapisha, siku ile ya hospitali. Alisema asiguswe na mtu mwingine ila wewe. Mwalimu yule nilimfukuza kwa ajili yake. Nakuja kila jioni kwa sababu siwezi kulala nikikumbuka."

Sindano aliingia chumbani. Mama alikuwa macho. Ukuta ulikuwa mwembamba na alikuwa amesikia.

"Ni kweli, mama?"

Maneno ya mama yalitoka kwa shida, upande mmoja wa mdomo. "Naogopa mikono ya mgeni."

"Na mimi je?"

Mama aligeuza uso ukutani. Sindano akachukua kitana, akamsuka kama kawaida. Hakupewa ruhusa. Kwa siku zilizofuata alimfundisha wifi yake, mke wa Kaka Mkubwa, kumwinua mgonjwa bila kumtegua bega, joto la maji, upande anaopenda kulalia. Wifi alijifunza kwa bidii. Mama aliwatazama wote wawili, na alfajiri ya kuondoka alifumba macho Sindano alipomuaga, ingawa kope zilikuwa zinacheza.

Lori lilikuwa linapita viwanda na gereji za mwisho, Sindano akilia kimya dirishani, simu ilipoita. Ilikuwa namba ya Kaka Mkubwa. Sauti haikuwa yake.

"Umefika?"

Sindano alikaa wima. "Bado, mama. Hata mji hatujatoka."

Ilisikika pumzi nzito, kisha maneno yakaja moja moja. "Wifi yako... maji yake ya moto mno. Nimemwambia." Pumzi nyingine. "Huyo dereva. Asikimbize gari."

"Nitamwambia."

"Ukifika, nipigie."

Simu ilikatika. Rubani alimtazama kwa pembe ya jicho, akauliza mama amesemaje.

"Anasema usikimbize gari."

Rubani aliondoa mguu kwenye mafuta. Lori lile kubwa lilipunguza mwendo hadi likawa linatembea kama bibi harusi, na nyuma yao magari yakaanza kupiga honi.

"Hapa ni nje tayari?" aliuliza. "Nina swali."

"Hapa bado," alisema Sindano, akipangusa uso kwa kiganja, akicheka. "Endesha."