Mkono Juu ya Gia

Nilikwenda kununua gari. Nasema mapema kwa sababu kuna watu wanadai mjane akikutana na mauzauza, basi ameyatafuta mwenyewe. Sikutafuta kitu. Nilitaka kigari kidogo, kisichokunywa mafuta, kisichoharibika ovyo, na cha gia za mkono.

Wenzangu wodini walinicheka. Mimi ni mkunga, zamu zangu hazina adabu, na wao walitaka ninunue otomatiki nikanyage tu niende. "Mama, umri huu unataka kugombana na klachi?" Nikawajibu kwamba umri huu ndio wenyewe. Ukweli sikuwaambia. Mume wangu alikuwa mwalimu wa udereva, na gia ndizo kitu cha mwisho alichonifundisha kabla presha haijamwangusha bafuni, mswaki ukiwa bado mkononi. Kununua otomatiki kungekuwa kumzika mara ya pili.

Miaka nenda rudi alifundisha wake za watu. Nikimwambia nami nataka, anacheka: "Kinyozi hajinyoi." Alipokubali, alinifundisha kwa namna yake. Anakaa kushoto, anaweka mkono wake wa kulia juu ya mkono wangu, na gia tunaibadilisha pamoja. Kwa wanafunzi wengine aliuondoa mapema. Kwangu hakuuondoa kamwe, na mimi sikumkumbusha. Kwa hiyo aliponiacha nilijua kila kitu cha barabarani isipokuwa kubadilisha gia peke yangu.

Sheria yake kubwa ilikuwa moja. Kwenye mteremko, usitie nyutro. Madereva wengi hufanya hivyo kubana mafuta. Gari linaserereka lenyewe, injini inapumzika. Yeye ukijaribu anakupiga kikofi cha vidole. "Gia ni breki yako ya pili," anasema. "Ukiitoa unabaki na moja, na hiyo moja ina siku zake."

Jua lilikuwa linazama tulipofika yadi ya magari, mimi na shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Huyu ni fundi makanika, mtu wa maneno mengi, na tangu msiba alikuwa anakuja kwangu kila jioni kutengeneza vitu ambavyo havijaharibika. Dalali akatupitisha kwenye magari makubwa tusiyoyataka, mwishowe akatufikisha kwenye kigari cheupe kilichosimama pembeni, peke yake.

"Hiki ukikipa lita moja," akasema, "kinasahau kuomba nyingine."

Shemeji hanunui maneno. Alichomoa kijiti cha oili akakinusa. Akawasha injini ikiwa baridi, akatazama moshi. Akainua zulia kutafuta kutu, akakanyaga klachi mara kadhaa huku ameinamisha kichwa. "Silinda tatu, nzima kabisa. Klachi haijachoka," akasema. "Sasa mbona kimekaa hapa muda wote huu?"

"Watu wanataka otomatiki," dalali akajibu. Alijibu upesi mno.

Shemeji akakizungusha yadini. Aliporudi hakushuka. Alikaa humo, mkono wa kushoto uko juu ya gia, anatazama mbele.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Kizuri." Sauti ilikuwa imemwishia. "Endesha wewe, shemeji." Akahamia kiti cha kushoto.

Nilipofunga mlango, harufu ikanipata. Tangawizi... Mume wangu alikuwa anamung'unya pipi za tangawizi kutwa nzima, ili wanafunzi wasilalamike kuhusu pumzi yake. Nikajiambia dalali naye ana pipi zake. Nikatoka barabarani na gia ya kwanza, gari likirukaruka, mimi nikijilaani.

Mkono wa shemeji ukaja juu ya wangu.

Ulikuwa wa joto, mkavu, mzito kidogo. Ukanisaidia kuingiza ya pili. Kisha ya tatu, laini, bila hata kukwaruza.

"Asante, shemeji. Sasa niachie nijaribu mwenyewe."

"Nikuachie nini?"

Nikageuza macho. Mikono yake yote miwili ilikuwa magotini mwake, amekunja ngumi.

Na juu ya mkono wangu, mkono bado ulikuwepo.

Najua wewe ungesimamisha gari ukakimbia. Mimi nimeshika watoto waliozaliwa wamekufa, nimewafumba macho watu wazima, siogopi kirahisi. Na hata ningeogopa, nisingesimama. Kidole gumba kile kilikuwa kinanipapasa kwenye kifundo cha kidole, vilevile kama alivyokuwa akifanya nikipatia. Nilikuwa na hamu na mtu huyu mpaka mifupa inaniuma. Nikaendelea kuendesha huku nalia.

"Mwalimu," nikanong'ona.

Mkono ukanibana, mara moja, taratibu.

"Na mimi nimemsikia," shemeji akasema kwa sauti ya chini. Machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye ndevu na hakuyafuta. "Pale yadini. Nilidhani nimechanganyikiwa."

Giza lilikuwa linaingia, taa za maduka zinawaka moja baada ya nyingine, na sisi watatu tulikuwa garini. Nilikuwa na furaha. Nalisema hili waziwazi, maana ndilo linalonitesa.

Kisha tukafika pale barabara inapoteremka kuelekea darajani.

Mkono ukavuta.

Nyutro.

Injini ikanyamaza. Ikabaki sauti ya upepo tu, na matairi... Gari likawa jepesi. Likaongeza kasi. Nikakanyaga breki, na pedali ikazama mpaka chini kama nimekanyaga godoro.

"Tia gia," shemeji akasema. "Shemeji, tia gia."

Nikakanyaga klachi, nikasukuma. Mkono ukakaza. Vidole vyangu vikabanwa mpaka nikahisi pete ya ndoa inaingia kwenye nyama. Daraja lilikuwa linakuja. Harufu ya tangawizi ikajaa mle ndani hadi koo likaniwasha, na pumzi ikanigusa sikio la kushoto.

"Liache liende..."

Sauti ilikuwa yake, ile ya asubuhi, kabla hajanywa chai. Lakini maneno yale mume wangu asingeyasema hata usingizini.

"Niachie, Mwalimu," nikasema. "Tafadhali, mume wangu. Niachie."

Haukuniachia. Nikasukuma kwa nguvu zote nilizonazo, peke yangu, mara ya kwanza maishani. Gia ya pili ikaingia. Injini ikapiga yowe, shemeji akavuta handibreki, gari likayumba, likasimama ubavu ukigusa vyuma vya daraja.

Mkono ukaanza kutoka. Kidole kimoja kimoja.

Nililia pale kuliko nilivyolia makaburini. Makaburini sikuwa mimi niliyemsukuma.

Shemeji alikagua breki kwa tochi ya simu. Zilikuwa nzima. Pedali ilikuwa ngumu kama ya gari jipya. Akakirudisha kigari yadini kwa gia ya kwanza njia nzima, mimi nikitembea kwa miguu nyuma yake. Tulipofika alifungua mpira unaofunika shina la gia, akaingiza vidole, akatoa kifurushi cha kitambaa cheusi kilichoshonwa kwa nywele. Dalali akarudi nyuma.

"Nani alikuwa na gari hili?" nikamuuliza.

"Mama mmoja. Hakusema anauza. Alisema anataka limtoke."

"Alifiwa?"

"Na binti yake." Akatazama chini. "Na aliyekuwa nalo kabla yake alifiwa na pacha wake. Wasiofiwa huwa wanasema tu kwamba gia zake ni nzito, wanaondoka."

Nani alishona kile kifurushi, na kwa nini, hakujua. Shemeji akasema atakichoma. Sikukaa kuona.

Nilinunua kingine, cha bluu, kidogo, cha gia. Hakinisumbui. Nabadilisha mwenyewe, na mkono wangu wa kushoto una baridi.

Shemeji akaacha kuja jioni. Nikadhani amechoka na mjane. Halafu siku moja kigari cheupe kikapita mbele ya nyumba yangu, taratibu, naye ndiye dereva. Mkono wake ulikuwa umetulia juu ya gia, anazungumza na kucheka na kiti kitupu. Nikakimbilia dirishani kwake.

"Shemeji, kitakuua hicho."

"Kaka hakuwa na muda na mimi alipokuwa hai," akasema. "Sasa ananisikiliza."

"Si yeye."

Alinitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye mgonjwa.

"Najua," akasema, akaingiza gia.

Nyumba yangu haiko mbali na ule mteremko. Kila jioni nasikia kigari kikishuka, na katikati injini inanyamaza ghafla. Nasimama mlangoni, nimeshika fremu, nasubiri ingurume tena kule chini. Mpaka leo imenguruma. Ninapokuwa nasubiri namwombea shemeji yangu, namwombea kwa moyo wote, na Mungu anisamehe, katikati ya dua namwonea wivu.