Kiwavi Juu ya Waridi

Jua lilikuwa linazama shangazi aliponituma mtaroni, nyuma ya kiwanda cha ngozi, nikachume jani la mbarika. Kiwavi mwenyewe shangazi alikuwa ameshamchora. Kazi yangu ni kumchorea chakula chake, maana katika vitabu vyetu vya wadudu kila mdudu hukaa juu ya mmea anaoula, na kwa hilo shangazi hana mzaha.

"Usimweke mdudu wangu kwenye jani la ugenini," huniambia. "Atashinda na njaa."

Nilidhani ni maneno ya utu uzima tu.

Tatizo ni kwamba mchapaji wa vitabu hivyo alikuwa ameketi pale chumbani kwetu. Ana meno mazuri yule, na mdomo mwepesi. "Shangazi yako akichora siafu, mimi nainua miguu!" Nirudi mbele yake nikinuka mtaro? Thubutu. Nilikata waridi kwenye ua wa jirani.

"Umelipata?" shangazi akauliza. Siku hizi macho yake hayaoni vizuri mwanga ukipungua.

"Nimelipata, shangazi."

Alivuta hewa puani, akasema haya, chora. Nikachora. Mchapaji akanisifu mpaka masikio yakapata moto, akaaga, akaahidi kuifuata picha asubuhi. Nikaenda kuosha brashi.

Krr... krr... krr...

Nilirudi, nikafunua chupa ya kiwavi hai, yule aliyechorwa. Alikuwa amejikunja, hatikisiki.

Krr...

Sauti ilitoka mezani. Kwenye karatasi.

Harufu ya jani bichi lililopondwa ilinijaa puani, na chini yake harufu ya damu. Nikasogeza taa. Waridi langu lilikuwa zima, halijaguswa. Kiwavi hakuwa juu yake. Alikuwa ukingoni mwa karatasi, kichwa nje...

Na pale ukingoni palikuwa na mkono wa shangazi.

"Toa mkono!"

"Nikiutoa atakwenda wapi?" alinong'ona. "Ana njaa, mwanangu."

Kidole chake cha shahada kilikuwa kimeliwa pembeni, vijipande vya nusu duara, safi, kama ukingo wa jani.

"Harufu ya waridi niliisikia ulipoingia tu," akasema.

"Kwa nini hukusema?"

"Mbele ya mgeni? Nikuaibishe? Nikajua akitoka utaniambia mwenyewe."

Nilitamani ardhi inimeze. Nilipaswa kuweka mkono wangu pale, badala ya wake. Nilijua kabisa. Nikauficha nyuma ya mgongo.

Krr...

"Kimbia kachume," akasema, bila hasira. "Nitamshikilia."

Nilikimbia. Niliingia mtaroni mpaka magotini, nikarudi na jani, nikafuta waridi na kuchora mbarika huku machozi yakiniharibia rangi. Kiwavi akarudi taratibu... akatulia. Shangazi alikuwa ameshafunika mkono kwa kanga.

Alimchora kwa rangi gani hasa yule mdudu, sijui. Nikimuuliza, husema rangi ni rangi tu. Ila picha ya mdudu ikiwa mezani, hakai mbali nayo, na mimi silali chumba kile.

Asubuhi ile mchapaji alikiona kidole kimefungwa kitambaa. Kilikuwa kifupi.

"Kisu cha kuchongea kalamu," shangazi akamjibu. "Uzee huu."

Mchapaji akacheka, akamwambia awe mwangalifu, kisha akanigeukia kusifu majani yangu. Nilisema asante.