Siri ya Fundi Majokofu

Walikutana ukumbini siku ya maonyesho ya kazi, wanafunzi wakisongamana kutoka meza moja hadi nyingine. Mwanamke alikuwa mshauri wa masomo na kazi, wa kwanza katika shule ile. Ofisi yake ilikuwa stoo ya vitabu aliyoifagia mwenyewe. Fundi mmoja, amevaa ovaroli ya buluu, alikuwa amelifungua jokofu zima mbele ya wasichana akiwaeleza baridi inatoka wapi.

"Fundi, hadi ovaroli unaipiga pasi?" mshauri alimtania.

"Niliambiwa mshauri ni mrembo."

Miezi mitatu simu hazikukatika. "Umekula, mpenzi?" "Nikisikia sauti yako ndiyo njaa inakuja." Jioni moja fundi akamwambia jambo asilowahi kumwambia mtu: hakuacha shule kwa kukosa ada, kama nyumbani walivyoamini. Alifeli mtihani, mara mbili.

Wiki iliyofuata msichana mmoja aliingia ofisini na matokeo yake mkononi, analia, anasema maisha yamekwisha. Mshauri alimhurumia, akamsimulia habari za fundi fulani wa majokofu. Jina hakulitaja. Lakini fundi wa majokofu aliyefika shuleni alikuwa mmoja tu, na msichana yule alikaa dawati moja na mpwa wa fundi.

Kufikia Jumamosi habari zilikuwa zimemfikia mama yake fundi.

Siku nne simu iliita bila kupokelewa. Siku ya tano mshauri alivaa gauni la kijani, akalivua, akavaa lile la kazini, akaenda karakana.

"Ulimbembeleza mtoto wa watu kwa siri yangu," fundi alisema bila kuinua macho.

"Nimekukosea. Ilinipasa nikuombe ruhusa kwanza, sikuomba. Sina la kujitetea."

Fundi akakaza skrubu mbili. "Huyo msichana yukoje?"

"Amejiandikisha chuo cha ufundi. Umeme."

Bisibisi ikawekwa chini. "Mama amenicheka. Kumbe karatasi ya matokeo aliiona siku ileile yalipotoka. Hadithi ya ada aliiacha isimame ili anisitiri." Akainua macho. "Lakini wewe bado nina hasira nawe."

"Najua."

"Itaisha. Mama anataka uje Jumapili."

"Nije kama nani? Mshauri?"

"Ushauri anao mwingi wa kwake. Njoo kama mkwe, ukinikubali."

Mshauri akaishika mikono ya fundi, grisi na yote.

"Nitakuja," alisema.