Kodi ya Nguruwe Asiyekuwepo

Lanxiu aliwasha jiko la majani makavu, akapika uji wa mchele mwepesi kama maji. Watoto wake wawili waliunywa kwa achari ya figili, wakaenda shule. Kisha akampeleka nyati wake malishoni. Nyati huyo ndiye aliyelima mashamba yake ya mpunga. Mumewe alikuwa mbali, mkoani Guangdong, kusini mwa China, akijenga maghorofa ya watu, na mshahara wake ulikuwa wa ahadi tu.

Watu wa kijiji cha Liutang walikuwa na mazoea mabaya. Makato yote waliyaita nafaka ya mfalme. Kodi ya shamba, mchango wa barabara, kodi ya kuchinja nguruwe, yote waliyatia kapu moja. Wafalme walikwisha zamani, lakini watu walilipa kama babu zao, bila kuuliza kipi ni kipi. Aliyeuliza alionekana hana adabu.

Msimu huo Katibu Luo wa tarafa alimwambia Lanxiu kuwa anadaiwa yuan mia tatu za kodi na michango. Asipolipa kabla ya kulima, nyati atachukuliwa. Hakuwa anatania, maana katika kijiji jirani walikwisha kuchukua. Bila nyati hakuna kulima, na bila kulima watoto watalala njaa. Lanxiu alilia hadi macho yakavimba.

Jirani yake, Mwalimu Kuang, alikuwa akiwafundisha wanawake kusoma. Alikuwa amenunua mjini kijitabu cha serikali kuhusu kodi za wakulima, ambacho kiliuzwa waziwazi dukani. Alikaa na Lanxiu mlangoni, wakasoma mstari kwa mstari. Alimweleza kuwa kodi ya shamba ni halali na lazima ilipwe. Michango ya kijiji na tarafa ina kikomo: isizidi asilimia tano ya mapato ya wakulima ya mwaka uliopita. Kila malipo yawe na stakabadhi. Na hakuna ruhusa ya kumnyang'anya mkulima mali yake.

"Na kodi ya kuchinja?" Lanxiu aliuliza.

"Hulipa aliyechinja. Wewe umechinja lini, shemeji?"

"Nguruwe wangu alikufa kwa homa mwaka juzi. Na bado nimelipa, Mwalimu."

"Hata mimi nililipa, na kusoma najua. Sikuwahi kuuliza."

Katibu Luo alikuja na vijana wanne na kamba. Majirani wakajaa uani. Lanxiu alisimama mbele ya zizi.

"Kodi ya shamba hii hapa, Bwana Katibu," alisema. "Michango nitalipa ile ya kitabuni. Hii ya kuchinja ni ya nguruwe gani?"

"Kila kaya inalipa. Usinipotezee muda, mama."

"Basi niandikie stakabadhi. Andika: kodi ya nguruwe asiyekuwepo. Halafu tia sahihi yako."

Mtu mmoja alicheka, kisha wengi wakacheka. Luo alikitazama kijitabu mkononi mwa Mwalimu Kuang, akawatazama watu. Hakuandika. Alipokea kodi ya shamba, akatoa stakabadhi yake, akaondoka na vijana wake. Njiani alisema kwamba huyo mwalimu atamtambua.

Na kweli alimtambua. Kabla mpunga haujakomaa, Mwalimu Kuang alihamishiwa shule ya milimani, mbali na mkewe mgonjwa. Inauma, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kijitabu alimwachia Lanxiu. Mashamba yalilimwa, na mwaka huo Liutang walilipa yaliyo halali tu, kila mmoja na stakabadhi yake. Mchele wa Lanxiu ulidumu hadi mavuno mengine.

Siku moja mwanamume wa kijiji jirani alibisha hodi. Jina lake Tan Youcai. Nyati wake ndiye aliyechukuliwa, na wiki ileile mkewe alikunywa dawa ya wadudu, akafa. Aliomba asomewe kile kijitabu. Lanxiu alisoma polepole, kidole kikifuata maneno, hadi pale palipokataza kunyang'anya mali.

"Kwa hiyo hawakuwa na haki?" Youcai aliuliza.

"Hawakuwa nayo, kaka."

"Na kijitabu kilikuwa dukani muda wote huo?"

"Kilikuwa dukani."

Youcai alimwomba amfundishe kukisoma mwenyewe, na Lanxiu akamsogezea kigoda.