Uzi wa Upande Mmoja

Kila asubuhi kabla ya shule, Chisato alipita kwenye majaruba ya mpunga kuangalia soya aliyopanda na bibi yake, Fusae, juu ya kingo. Wengine hununua dukani tofu, ile jibini ya soya. Bibi Fusae hutengeneza yake mwenyewe, wala haambiliki.

Siku hiyo, miche ya ukingo wa mbali ilikuwa imebaki vijiti vitupu. Hua wawili walitembea polepole wakidonoa, michirizi myeusi na myeupe shingoni, migongo yenye madoa kama magamba ya samaki. Hua hupenda kwenda wawili wawili. Mmoja akarukia waya wa umeme, akaanza kuguna, “Dede-po-po.”

Chisato alijua kosa ni lake. Bibi alimwagiza atandaze uzi mweusi juu ya miche yote, maana hua akigusa uzi asiouona hushtuka akaenda zake. Yeye alitandaza upande unaoonekana kutoka nyumbani tu, kisha akakimbilia mpira. Bibi alipouliza, alijibu, “Tayari.”

Jioni Bibi aliona hasara, akafura. Uzi mweusi hauonekani jioni, lakini si Chisato alisema tayari? Basi ni kuku wa Mzee Kurata! Mzee huyo ndiye jirani aliyekuwa akiwasaidia kupandikiza mpunga tangu babu afariki. Bibi alimfuata akamtolea maneno mazito. Mzee hakubishana. Aliinama, akaomba radhi, akaahidi kuwachinja kuku wote kesho yake.

Usiku, wakila wali, Bibi alimsimulia Chisato yote hayo. Aibu ilimchoma. Mtu asiye na kosa ameomba radhi kwa ajili yake, naye yuko pale anatafuna!

“Bibi, si kuku,” alisema. “Kuku hupekua udongo, na pale haukupekuliwa. Ni hua, niliwaona. Ule uzi sikumaliza. Nilikudanganya.”

Bibi aliweka chini vijiti vyake vya kulia, akainuka. Walikwenda pamoja kwa Mzee Kurata, wakainama hadi paji la uso likagusa mkeka. Mzee akacheka, akasema kuku wake wameponea chupuchupu. Kesho yake alikuja mwenyewe kuwashikia ncha ya uzi, wakapanda upya.

Walipomaliza, Bibi alimgeukia Chisato.

“Hua ni ndege, anatafuta shibe yake. Soya aliyokula tumepanda nyingine. Lakini uongo wako, mjukuu wangu, nusura uninyang'anye jirani, na jirani hapandwi.”