Sinki Lililofunikwa

Jua lilikuwa linazama fundi bomba alipobisha hodi. Alidhani ni kazi ya kukaza nati mbili tatu, kisha arudi kwake akanyooshe mgongo. Aliyemfungulia alikuwa mama kijana, macho yamemvimba kwa kukosa usingizi.

"Karibu, fundi. Jiko lina wiki tatu tu tangu litengenezwe upya, na makabati yameshaanza kuumuka kama maandazi. Maji yanatoka wapi, hata sielewi."

Fundi akapiga magoti, akapapasa chini ya kabati la kona. Mbao zilikuwa chepechepe. Akatoka nje, akafunga koki kuu, akaitazama mita mpaka ikatulia kabisa. Aliporudi ndani, akasikia matone.

Tii... tii... tii...

"Nimefunga maji yote," alisema. "Haya ni ya wapi?"



Fundi akaweka kiganja sakafuni. Maji yalikuwa ya moto. Yalinukia sabuni ya kipande.

Akafungua skrubu za ubao wa nyuma wa kabati. Ubao ulipoachia, harufu ya matambara mabichi ikampiga usoni. Akamulika tochi. Ukutani mlikuwa na sinki la zege, la zamani, kingo zimelika kwa kusuguliwa. Bomba lake lilikuwa limekatwa na kuzibwa. Kavu. Lina utando wa buibui.

Lakini sinki lilikuwa limejaa maji. Povu bado linapasuka.

"Ni la mama mkwe," mama kijana alinong'ona. "Alioshea vyombo hapo miaka arobaini, akakataa katakata lisiguswe. Mume wangu akamdanganya aende kwa wifi yangu kupumzika, huku nyuma mafundi wakashindwa kulivunja, wakalifunika. Siku hiyohiyo akaanguka huko kwa wifi. Hakuamka tena."

Povu likatikisika. Kitu kikaanza kusugua chini ya maji. Taratibu... kwa kuzunguka...

Kisha sauti ya bibi kizee, sikioni kabisa mwa fundi:

"Nipishe, baba. Nimalizie."

Alitokaje, mwenyewe hajui. Vifaa vyote aliviacha. Akiwa getini ndipo alipopata sauti ya kusema, "Dada, msilifunike tena!"

Siku ya nne, simu yake ikaita.

"Fundi, hatukulifunika. Maji yamekoma, sakafu imekauka."

"Afadhali, dada yangu."

Mama kijana akashusha sauti.

"Ila jana jioni alimwita mume wangu. Nilimsikia kwa masikio yangu haya. Mume wangu akaitika, 'Nakuja, mama,' akaingia jikoni."

"Halafu?"

"Jiko lina mlango mmoja, fundi, na mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo mlangoni. Nimengoja mpaka asubuhi. Nimeingia, hayumo."

Kwa mbali, ndani ya simu, vyombo viligongana.

"Unasikia?" mama kijana akanong'ona. "Sasa wako wawili. Mmoja anaosha... mwingine anasuuza."